Mibono iliyofyeka msitu wetu Kisarawe: hivi mafuta ya mimea yanapunguza hewa ukaa kweli?

#1 Mzaramo Halisi

Wanabodi, salaam.

Wiki iliyopita nilikuwa kijijini kwetu Kisarawe kwenye arobaini ya shangazi. Asubuhi baba mdogo akaniambia twende ukaone lilipokuwa pori. Nilipokuwa mdogo pale palikuwa na mininga na mipingo. Masika tunaokota uyoga, kiangazi bibi anachimba dawa, na kisima kilikuwa humohumo ndani. Mwaka 2009 mwekezaji kutoka Uingereza akapewa zaidi ya hekta 8,000 za vijiji 11 apande mibono. Tuliambiwa mbegu zitakamuliwa mafuta ya kuendeshea magari, na magari yakitumia mafuta hayo joto la dunia litapungua. Mwaka 2011 kampuni ikaanguka, mamia ya vibarua wakarudi makwao. Leo ni vichaka, mibono iliyokonda na visiki. Nilikaa juu ya kisiki kimoja cha mninga, nikajaribu kukizungusha mikono, haikukutana.

Sasa baba mdogo anasema kuna watu wamepita tena, safari hii wanaulizia nyonyo ya mafuta ya ndege. Nauliza mambo mawili. Mafuta haya yanapunguza hewa ukaa kweli, au ni hesabu za karatasini? Na kwa nini mibono ilikufa? Wazee wananisubiri, maana ndio watakaoulizwa kwenye mkutano wa kijiji.

#2 Binti Mwambao

Pole kwa msiba, kaka.

Kwanza tuweke majina sawa, kwa sababu watu wanachanganya. Mbono kaburi ndio huo mliopandiwa Kisarawe. Kwetu Tanga ulipandwa kuzunguka makaburi na mazizi kwa kuwa mnyama hali majani yake. Nyonyo ni mbarika, ule wenye majani kama kiganja na mbegu za madoadoa kama kupe. Mafuta yake ndiyo tunayopaka nywele. Vyote viwili vina sumu, na vyote ni ukoo mmoja na muhogo.

#3 Mhasibu wa Kariakoo

Mibono ilikufa kwa bei, tusiumize kichwa. Julai 2008 pipa la mafuta ghafi lilifika dola 147, kila mwenye pesa akakimbilia Afrika kutafuta shamba. Desemba mwaka huohuo pipa likashuka chini ya dola 40. Mabenki nayo yalikuwa yanaanguka. Mbono unachukua miaka mitatu minne kuzaa vizuri, nani angewasubiri? Hao waliofika kwenu 2009 walifika sherehe imekwisha, wanasukumwa na mikataba waliyoanza kuijadili kabla.

#4 Bwana Shamba Mstaafu

Mhasibu #3, bei ilichangia, sikatai. Lakini hata pipa lingebaki dola 147 shamba lile lisingelipa. Nimekuwa ugani miaka 31, nasema nilichokiona. Walikuja na vitabu vinavyosema mbono unaota popote, hautaki maji, hautaki mbolea, hauna wadudu, na hekta moja inatoa tani tano za mbegu. Ni kweli unaota popote. Kuota na kuzaa ni vitu viwili. Kwenye udongo mchovu bila mvua ya kutosha tani moja kwa hekta ulikuwa unaitafuta kwa tochi. Tena matunda hayaivi pamoja: tawi moja lina maua, mabichi, ya njano na makavu. Kibarua anapita mti uleule mara nne. Ukimlipa kibarua haki yake, faida imekwisha.

Ulikuwa mmea wa porini tu. Hakuna aliyekuwa amechagua mbegu bora kama tulivyofanya kwa mahindi. Waliupandisha cheo kabla haujafanya mtihani.

#5 Msumbufu wa Mbagala

Bwana Shamba umeongea kama uko kwenye semina ya Nanenane, imebaki kutugawia kofia tu 😀 Swali la jamaa ni hewa ukaa, na bado hamjaligusa.

#6 Mwalimu wa Kemia

Naligusa mimi.

Petroli ni kaboni iliyozikwa ardhini mamilioni ya miaka. Ukiichoma unaongeza angani kitu ambacho hakikuwa kwenye mzunguko. Lita moja ya petroli inatoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa, dizeli kama 2.7. Mmea nao unaivuta hewa ukaa kutoka angani, unajengea mbegu, wewe unaikamua mbegu, unachoma mafuta, hewa inarudi ilikotoka. Ndiyo maana yanaitwa jadidifu, yaani yanayozaliwa upya. Kwenye bomba la moshi tofauti ni ndogo sana. Anayefanya kazi ya kupunguza ni mmea, kule shambani.

#7 Mzaramo Halisi

Mwalimu, samahani kwa swali la kitoto. Lita ya petroli haifiki hata kilo. Inatoaje kilo 2.3?

#8 Mwalimu wa Kemia

Si la kitoto hata kidogo, darasani naulizwa kila mwaka. Lita ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi, nyingi yake kaboni. Ikiungua, kila chembe ya kaboni inashika chembe mbili za oksijeni kutoka hewani, na oksijeni ndiyo nzito. Gari lako linameza hewa nyingi sana kila safari. Uzito ulioongezeka ni wa hewa hiyo.

#9 Dada wa Misitu

Mwalimu umeeleza vizuri mzunguko, ila umeanzia shamba likiwa tupu. Kisarawe halikuwa tupu.

Mninga aliokalia Mzaramo ulikuwa ghala la kaboni, pamoja na mizizi yake na udongo wake. Ukiufyeka na kuuchoma mkaa, sehemu kubwa ya ghala hilo inaenda angani ndani ya miaka michache. Ndipo mbono wako unaanza kulipa deni kidogokidogo, kila lita inayochukua nafasi ya dizeli. Mwaka 2008 jarida la Science lilichapisha hesabu za deni hilo. Ukifyeka mbuga ya Cerrado ya Brazili upande miwa ya ethanoli, ile spiriti ya kuchanganya na petroli, deni linalipika kwa miaka 17 hivi. Ukikausha ardhi ya mboji Indonesia upande michikichi ya dizeli, ni zaidi ya miaka 400. Sasa Kisarawe deni lilikopwa lote, na mkopaji akafilisika mwaka wa pili. Hakuna lita iliyolipa chochote. Kwa hesabu ya hewa ukaa peke yake, pale dunia iliongezewa joto.

Nimeandika haya nikiwa na hasira, mnisamehe. Nimepanda miche ya mininga kwa mikono yangu, najua inavyochelewa.

#10 Mzaramo Halisi

Dada, hiyo ya deni nitawaambia wazee vilevile ulivyoiandika. Wanajua deni.

#11 Mchora Ramani

Tukumbuke Kisarawe haikuwa peke yake. Kilwa Waholanzi walichukua makumi ya maelfu ya hekta za mibono, nao wakaondoka mapema, na magogo yaliyokatwa yakawa kesi nyingine. Bagamoyo kwenye iliyokuwa ranchi ya RAZABA Waswidi walitaka miwa ya ethanoli. Mradi ukabadilika ukawa wa sukari, Serikali ikafuta hati mwaka 2016, na baadaye kesi ikafika kwenye usuluhishi wa kimataifa Washington. Mwaka 2009 Serikali ilisimamisha kwa muda kugawa ardhi kwa mafuta ya mimea, na 2010 ikatoa mwongozo. Kwa maoni yangu mibono iliuawa na ardhi, yaani namna ardhi ilivyochukuliwa. Kijiji kikitoa ardhi inageuka ya Serikali kwanza, halafu mwekezaji ndipo anapewa. Mwekezaji akianguka hairudi kijijini yenyewe.

#12 Bwana Shamba Mstaafu

#11 umesema kweli kuhusu ardhi. Ila wapo waliopanda mibono bila kufyeka chochote. Monduli na Engaruka kina mama walikuwa na ua wa mibono toka zamani, wakaja watu wa Arusha wakawafundisha kukamua kwa mashine ya mkono na kutengeneza sabuni. Sabuni ile watu waliisifia kwa vipele, mpaka madukani mjini iliuzwa. Ua ni ua, unazuia mbuzi, mbegu ni ziada.

#13 Fundi Nozo, Keko

Na mimi nichangie upande wa gereji.

Mwaka fulani kaniletea mzee mmoja Hilux ya zamani inatoa moshi mweupe, haina nguvu, asubuhi haiwaki mpaka isukumwe. Nafungua filta nakuta utelezi wa njano kama ute wa bamia. Nafungua nozo, zimeota masizi kama mdomo wa kibatari. Namuuliza baba umetia nini, anasema mafuta ya alizeti nusu, dizeli nusu, kaambiwa na mtu kwamba injini ya dizeli inakula kila kitu. Inakula kweli, ila siku inakataa inakataa mazima. Pampu yake ilikwenda, na pampu ya dizeli mnajua bei yake.

Mafuta ya mimea mabichi ni mazito. Lazima yapikwe yawe dizeli kwanza.

#14 Mwalimu wa Kemia

Fundi kasema vyema. Kupikwa maana yake yanachanganywa na methanoli na kostiki soda. Methanoli inalivunja lile fungu kubwa la mafuta kuwa vipande vyepesi, na chini ya pipa inatulia gliserini. Msijaribu nyumbani: methanoli inapofusha na kuua, na moto wake mchana hauonekani. Tena methanoli nyingi duniani inatengenezwa kwa gesi asilia. Kwa hiyo hata dizeli ya mimea ina kipande cha kisukuku, yaani cha kuzikwa ardhini, ndani yake.

#15 Msumbufu wa Mbagala

Utelezi kama ute wa bamia 😂 Fundi, umeniharibia mchana, mke wangu kapika bamia leo.

Ila wakubwa, mbona tunasahau gesi? Bajaji yangu inatumia gesi, haina moshi, hela inabaki. Si ndiyo mafuta safi hayo?

#16 Dada wa Misitu

Msumbufu, gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay ni ya kisukuku kama petroli, imezikwa miaka ileile. Inatoa hewa ukaa pungufu kwa labda robo hivi, na moshi wa kuumiza mapafu ni mdogo mno. Hilo ni jema kwa watoto wa Mbagala. Lakini ikivuja kabla haijaungua ni methani, na methani kwa miaka 100 inapasha joto mara 28 hivi kuliko hewa ukaa kwa uzito uleule. Si jadidifu. Ingekuwa jadidifu kama ingetoka kwenye mtambo wa samadi au taka za machinjio.

#17 Dereva wa Kaskazini

Salamu kutoka Uswidi, ndugu zangu. Naendesha lori mwaka wa tisa huku. Tuna dizeli inayoitwa HVO. Inatoka kwenye mafuta ya kukaangia yaliyokwisha kutumika, mafuta ya nguruwe na ng'ombe wa machinjio, mabaki ya viwanda vya karatasi. Haipikwi kwa methanoli kama alivyosema Mwalimu, inapitishwa kwenye haidrojeni kwa joto kali na inatoka ikiwa karibu sawa na dizeli ya kawaida. Kwa macho ni nyeupe kama maji ya kisima. Ikinimwagikia mkononi haina ile harufu ya sheli, mkono unabaki kama umeshika mshumaa. Injini haina habari, hata baridi ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri inawaka.

Tatizo ni bei na sheria. Serikali ilikuwa inalazimisha wauzaji wachanganye mengi ili kupunguza hewa ukaa kwa asilimia fulani. Januari 2024 ikashusha sharti hilo mpaka asilimia 6 kwa sababu wenye magari walilia bei. Mwezi uleule bosi wetu akaacha kununua HVO tupu. Lori lilelile, dereva yuleyule, moshi ukarudi wa zamani kwa saini moja.

#18 Mhasibu wa Kariakoo

Dereva, mafuta ya chipsi ya Uswidi yote hayatoshi lori moja la kampuni yenu kwa mwaka, sembuse nchi 😀 Yanatoka wapi?

#19 Dereva wa Kaskazini

Lori moja yanatosha bwana, usituonee. Ila uko sahihi kwamba mengi yanaagizwa, China wakiwa wauzaji wakubwa kwa Ulaya. Na hapo pana manung'uniko: mafuta ya mawese mapya yakiandikwa "yaliyotumika" bei inapanda, na nani atayaonja? Ukaguzi unafanyika, lakini wengi hawauamini.

#20 Mama Chipsi Sinza

Nimesoma mpaka hapa kimyakimya. Mimi nina mabanda mawili ya chipsi. Kuna kijana anapita kila Jumatatu na dumu, ananunua mafuta yaliyochoka. Kabla ya hapo, niseme ukweli mbele za watu, nilikuwa nayakaangia mpaka yanakuwa meusi kama kahawa, halafu namwaga mtaroni. Sasa nabadilisha mapema kwa sababu yale machafu yana bei. Wateja wangu wanakula kitu kisafi zaidi na mtaro hauzibi. Hewa ukaa sijui kuipima, ila hili nimeliona kwa macho.

#21 Mwana Makueni

Hamjambo. Mimi ni mkulima wa mji wa Wote, kaunti ya Makueni, Kenya. Kwa kuwa mmetaja nyonyo na ndege, niseme nilipo.

Julai 2022 Eni, kampuni ya mafuta ya Italia, walifungua kiwanda cha kukamua mbegu huku kwetu. Nyonyo, pamba, na krotoni, ule mti Wakikuyu huita mukinduri. Mafuta husafirishwa hadi Gela, Sicily, ndiko yanasafishwa. Mimi hulima nyonyo kwa ncha za shamba na kando ya matuta, mahali mahindi hukauka kila mwaka. Sijatoa mahindi hata mstari mmoja. Msimu wa kwanza mvua ilikata mapema, nikapata magunia mawili tu. Wa pili afadhali. Si utajiri, lakini karo ya muhula mmoja ya kijana imetoka hapo.

Onyo moja: mashudu ya nyonyo yana sumu kali. Mbuzi wa jirani alikula kwenye gunia lililopasuka, hakufika jioni.

#22 Mzaramo Halisi

Mwana Makueni asante sana, wewe ndiye niliyekuwa namtafuta. Ardhi ni yako mwenyewe? Na ukitaka kung'oa nyonyo upande kitu kingine unaruhusiwa?

#23 Mwana Makueni

Ardhi ni ya marehemu baba, sasa yetu. Nikiamka kesho nikang'oe, nang'oa. Mbegu wakinunua nauza, wasiponunua nazikausha. Hiyo ndiyo tofauti naona na hadithi yako ya Kisarawe.

#24 Rubani wa Ardhini

Nafanya kazi za uwanja wa ndege, naomba nirekebishe picha kidogo, maana "mafuta ya ndege ya mimea" yanasikika kama kitu cha kesho. Desemba 30, 2008 Air New Zealand walirusha Boeing 747 kutoka Auckland, injini moja kati ya nne ikitumia mchanganyiko wa nusu mafuta ya mbono. Mbegu zilitoka Malawi, Msumbiji na Tanzania. Mei 2023 Kenya Airways wakatoka Nairobi hadi Amsterdam kwa Boeing 787 iliyochanganywa mafuta ya Eni kutoka hukohuko Gela, yaliyotengenezwa kwa mabaki ya mafuta ya kupikia na ya wanyama. Kiasi kilichochanganywa kilikuwa kidogo, lakini ilipaa.

Na wanaowatembelea wazee wa Kisarawe wanasukumwa na sheria hii: Umoja wa Ulaya unataka mafuta ya ndege kwenye viwanja vyao yawe na asilimia 2 ya mafuta endelevu, kama haya, kuanzia 2025, 6 ifikapo 2030, 70 ifikapo 2050. Na hawakubali yatokanayo na mazao ya chakula. Ndiyo maana ni nyonyo, si alizeti.

#25 Mhasibu wa Kariakoo

Basi tupige hesabu. Ndege ya Nairobi hadi Amsterdam inachoma tani 40 hivi. Shika tani moja ya mbegu kwa hekta aliyosema Bwana Shamba, na mafuta asilimia 30. Hekta moja ni kilo 300 za mafuta. Tani 40 ni hekta 133, ekari kama 330. Safari moja. Kwenda tu, hajarudi.

#26 Rubani wa Ardhini

Umesahau hasara ya kiwandani. Tani moja ya mafuta mabichi haitoi tani moja ya mafuta ya ndege. Ongeza robo, uko kwenye ekari 400 na kidogo.

#27 Msumbufu wa Mbagala

Yaani shamba la kijiji kizima mtu analipuliza kwa usiku mmoja, tena amelala kapewa blanketi. Hapa sitanii.

#28 Motari wa Nyamirambo

Ndugu, mimi ni wa Kigali, Kiswahili changu mtakivumilia. Huku tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya kubeba abiria lazima iwe ya umeme. Ya petroli iliyokuwepo inaendelea, lakini mpya hawaandikishi. Mimi nilibadilisha mwaka uliopita. Betri ikiisha napita kituo, nachomoa, naweka nyingine, dakika mbili tatu. Mlima wa Rebero ndipo inaisha haraka, ukiwa na abiria mnene unaangalia asilimia zinashuka kama maji. Kwa nini mnahangaika na mbegu na sumu ya mbuzi?

#29 Mwalimu wa Kemia

Motari, kwa pikipiki, bajaji, daladala na treni uko sahihi kabisa. Umeme wa Kenya karibu asilimia 90 ni mvuke wa ardhini wa kule Olkaria, maji na upepo. Kwetu bwawa la Julius Nyerere ni megawati 2,115, na treni ya umeme Dar hadi Dodoma inafanya kazi tangu 2024. Mbegu haziwezi kushindana hapo. Mmea unanasa sehemu ndogo sana ya jua, paneli inanasa mara nyingi zaidi kwenye kipande kilekile cha ardhi.

Ila betri ni nzito. Kilo moja ya mafuta ya ndege ina nishati zaidi ya mara 40 ya kilo moja ya betri ya leo. Ndege ya kwenda Amsterdam kwa betri haitoki ardhini. Na meli za safari ndefu hivyohivyo, betri haiwezi. Hapo ndipo mafuta ya mimea yanapobaki na kazi.

#30 Mzee wa Muhoroni

Vijana, mnaongea kana kwamba jambo hili ni geni. Sisi Kenya tulichanganya ethanoli kwenye petroli miaka ya 1980, asilimia 10, ikitoka kwa molasi ya miwa hapa Muhoroni. Ilikufa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hakuna mmea ulioshindwa na injini hazikulalamika. Bei ilipangwa vibaya, na kampuni za mafuta hazikuipenda tangu mwanzo. Molasi ikaenda kwa pombe. Malawi walianza 1982 na wanaendelea hadi leo, nchi isiyo na bandari, kila lita ya petroli wanayoinunua imesafiri kwa lori. Brazili walianza 1975 baada ya kupandishiwa mafuta, sasa petroli yao ina ethanoli asilimia 30. Hakuna kati yao aliyeanza kwa ajili ya hewa ukaa. Walikuwa wanaokoa dola. Mimi naamini ndiyo sababu ilidumu.

#31 Dada wa Misitu

Shikamoo mzee. Hoja yako ni nzito, na molasi ni mabaki, haikufyeka kitu. Lakini Brazili siwezi kuipokea bila kuuliza miwa ilisukuma ng'ombe wa nani kwenda msitu wa nani. Ukichukua malisho ukapanda miwa, mfugaji anasogea mbele na shoka.

#32 Mzee wa Muhoroni

Marahaba mwanangu. Hilo nakubali, na sina jibu lake.

#33 Fundi Nozo, Keko

Kuongezea kwa mzee: ethanoli ina nguvu kama theluthi mbili ya petroli kwa lita, kwa hiyo gari litakula zaidi kidogo. Na inavuta maji. Tangi lenye kutu, bomba za mpira za zamani, zitalainika. Wakianza kuchanganya hapa waseme mapema, wasitushtukize.

#34 Bwana Shamba Mstaafu

Mzaramo, nirudi kwenye swali lako kabla uzi haujahamia Brazili moja kwa moja. Hao wanaoulizia nyonyo, waulize vitu hivi: wanataka ardhi au wanataka mbegu? Mbegu ya aina gani, nani ameijaribu Pwani na kwa misimu mingapi? Mashudu yenye sumu yatabaki wapi? Ukisikia "ardhi isiyotumika", mpeleke mwenye kusema hivyo kwenye kisima cha bibi yako.

#35 Mhasibu wa Kariakoo

Mimi bado nasema bei. Pipa likishuka tena mtawaona wanavyopotea, nyonyo au mbono.

#36 Mchora Ramani

Safari hii kuna sheria ya Ulaya nyuma yake, haitegemei pipa peke yake.

#37 Dereva wa Kaskazini

Sheria ya Ulaya? Mchora Ramani, soma tena #17.

#38 Mzaramo Halisi

Ahsanteni wote. Nimerudi kijijini Jumamosi, nimewasomea wazee kuanzia juu hadi chini kwenye simu, chini ya mwembe. Deni la Dada wa Misitu walilielewa mara moja. Ekari 400 za Rubani ziliwanyamazisha. Mzee mmoja akaniuliza yule wa Makueni ana umri gani na amelima mistari mingapi, nikakosa jibu.

Kisha tukafanya jambo. Bibi ana ua wa mibono nyuma ya nyumba, hatua 60, ulikuwepo hata kabla ya mwekezaji. Tukachuma makavu yote tukabangua, tukapima kwa mizani ya dukani: kilo 6 na robo. Baba mdogo akakamua kwa mashine ya alizeti ya jirani, baada ya kuahidi kuiosha kwa maji moto na sabuni mara tatu. Ilitoka chupa moja ya maji ya lita moja, ikabaki nafasi ya vidole viwili juu. Rangi kama chai ya rangi. Tukaitia kwenye koroboi, ikawaka usiku kucha bila moshi mwingi, ila utambi lazima uwe mfupi, mafuta yanapanda polepole.

Mashudu tumeyafukia mbali na mbuzi.

Mkutano wa kijiji ni Alhamisi ijayo. Mwana Makueni, wazee wameomba namba za mistari na nafasi kati ya mche na mche. Na kama unaweza kupiga picha ya hilo tuta.

#39 Mwana Makueni

Nitapiga kesho asubuhi, sasa giza limeingia. Nina miaka 46, mwambie mzee. Mistari minne, mita mbili kati ya mche na mche.